Nguvu Kazi, 1983: operesheni iliyomkamata asiye na kitambulisho

Miezi ya mwisho ya mwaka 1983, kutoka nyumbani Manzese, Buguruni au Keko bila kitambulisho cha kazi ilikuwa kujitia mashakani. Askari na mgambo walizagaa vituo vya basi, masokoni na mitaani, na swali lao lilikuwa fupi: unafanya kazi wapi? Aliyetoa kitambulisho cha wizara, cha kiwanda au cha shirika la umma alipita. Aliyebeba sinia la karanga, birika la kahawa au kisanduku cha brashi na dawa ya viatu alikuwa na kazi mikononi mwake, ila hakuwa na jibu lililokubalika. Alipakiwa kwenye karandinga, akaandikishwa, akaambiwa arudi kwao akalime.

Hiyo ndiyo Operesheni Nguvu Kazi. Ilisimama juu ya Sheria ya Nguvu Kazi iliyopitishwa mwaka huohuo, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu kwa mara ya pili. Sheria iliwataka viongozi wa kila eneo waandikishe wakazi wote wenye uwezo wa kufanya kazi, waandikishe na waajiri, kisha wahakikishe kila mtu ana shughuli ya uzalishaji. Ukiisoma kwenye karatasi utaiona ina nia njema: nchi maskini haiwezi kuwa na watu wenye nguvu wanaokaa bure. Nakichambua kisa hiki kwa sababu kinaonyesha, kuliko kisa kingine ninachokijua katika historia yetu, jinsi tabaka linavyojificha nyuma ya neno "mhamiaji". Operesheni ilisema inapambana na uzururaji na uhamiaji holela wa mjini. Kwa vitendo ilipanga watu kwa tabaka, na ramani ya matabaka iliyotumia haikufanana na maisha ya jiji lenyewe.

Kwanza hali ya wakati ule. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekwisha, lakini gharama yake haikuwa imekwisha. Mafuta yalipanda bei, mvua zilisumbua, fedha za kigeni zilikauka. Sabuni, sukari, dawa ya meno na khanga vilipatikana kwa foleni, au kwa mlango wa nyuma. Mjini watu walikula unga wa mahindi ya njano ya msaada, ule tulioubatiza unga wa Yanga. Mapema 1983 ikaanza kampeni ya kuwasaka wahujumu uchumi, na walanguzi wakaanza kutupa bidhaa mitaani usiku kwa hofu ya kukamatwa nazo. Nguvu Kazi ilifuata nyuma ya hiyo. Walipokwisha kusakwa wenye bidhaa nyingi, wakasakwa wenye bidhaa za kujaza kapu moja.

Sasa swali la uhamiaji. Sensa ya 1967 ilihesabu watu 356,286 katika mkoa wa Dar es Salaam. Sensa ya 1978 ilihesabu 843,090. Ongezeko la namna hiyo ndani ya miaka 11 haliletwi na uzazi peke yake. Jiji la 1983 lilikuwa jiji la watu waliotoka kwingine: karani kutoka Bukoba, mwalimu kutoka Moshi, dereva kutoka Tukuyu, kuli kutoka Rufiji, mpishi kutoka Songea. Katibu mkuu wa wizara naye alikuwa na kijiji. Wazaramo, ambao jiji liliota kwenye ardhi yao, ndio pekee wangeweza kusema kwamba wao hawakuhamia, na wengi wao walikuwa miongoni mwa maskini wa mji.

Kwa hiyo kigezo cha operesheni hakikuwa kuhama. Hakuna aliyemfuata ofisa wa benki akamwambia arudi Kagera kwenye migomba. Mhamiaji mwenye mshahara aliitwa mfanyakazi. Mhamiaji asiye na mshahara aliitwa mzururaji, mhuni, jobless, kupe. Wote wawili walifika kwa basi, wote wawili walianza kwa kufikia kwa ndugu. Tofauti yao ilikuwa karatasi, na karatasi ilitokana na shule, na shule ilikuwa na mlango mwembamba sana. Wakati ule wahitimu wa darasa la saba walikuwa wengi kupita kiasi cha nafasi za sekondari za serikali. Waliochaguliwa walikuwa wachache mno. Kijana aliyekosa nafasi hiyo akiwa na miaka 14 au 15 ndiye aliyekutana na mgambo miaka michache baadaye.

Mtindo huu wa kuchuja watu mjini ulikuwa na mizizi ya zamani. Wajerumani, na baada yao Waingereza, waliligawa jiji kwa aina ya majengo, jambo ambalo kwa vitendo lilikuwa kuligawa kwa rangi: Uzunguni pwani na Oysterbay, Uhindini katikati, Uswahilini Kariakoo na Ilala. Mwaka 1944 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaondoa mjini "wenyeji wasiotakiwa", yaani Mwafrika asiye na ajira aliyeonekana hana sababu ya kukaa mjini. Wahuni, kwa lugha ya maofisa wa wakati ule, walikusanywa na kurudishwa makwao, nao wakarudi mjini. Uhuru ulipokuja, rangi iliondoka kwenye kigezo, lakini kigezo chenyewe kilibaki: mjini ni mahali pa mwenye ajira. Katika miaka ya 1960 na 1970 misako ilirudiwa, na mwaka 1976 ikaja Operesheni Kila Mtu Afanye Kazi. Nguvu Kazi ya 1983 ilikuwa mtoto wa ukoo huo, ila yeye alikuwa na sheria kamili mkononi.

Kuna jambo jingine lililoipa nguvu, na hili lilitoka ndani ya siasa yetu wenyewe. Bendera ya CCM ina jembe na nyundo. Mkulima na mfanyakazi: hao ndio wenye nchi. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limeonya kwamba tusipokuwa waangalifu, wanyonyaji wa kweli katika Tanzania watakuwa watu wa mjini wanaoishi kwa jasho la wakulima, kwa sababu mikopo hutumika mjini na hulipwa kwa mazao ya shamba. Naliona onyo hilo kuwa mojawapo ya mawazo ya kweli kabisa yaliyowahi kuandikwa kuhusu uchumi wa nchi kama yetu. Tatizo ni nani alibebeshwa mzigo wake. Mtu wa mjini aliyenufaika na mkopo wa nje alikuwa mwenye nyumba ya shirika, gari la ofisi na matibabu ya kulipiwa. Muuza karanga hakuwa na jembe wala nyundo, alikuwa na kapu. Bendera haikuwa na nafasi yake, na mtu asiye na nafasi kwenye bendera ni rahisi kumwita kupe.

Hapa inafaa tuende kusini, kwa sababu huko ndiko unakoonekana uzito wa agizo la "rudi kwenu ukalime". Miongoni mwa waliofurika Dar es Salaam wakati ule na baadaye walikuwamo vijana wengi wa Lindi na Mtwara, na kwa jina la Wamachinga jiji zima likaja kuwaita wachuuzi wote. Kwa nini waliondoka kwao?

Lindi na Mtwara waliishi kwa korosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000, ikiwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa duniani. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameshuka hadi tani elfu 16 na kidogo. Soma tena tarakimu hizo mbili. Zao lililokuwa linalipa kodi, karo, mahari na mabati liliporomoka karibu lote ndani ya miaka 13, na mwaka 1983 unaangukia katikati ya mteremko huo.

Sababu zake zinajulikana. Operesheni Vijiji, hasa kuanzia 1973, iliwahamisha watu kutoka kwenye maboma yao yaliyotawanyika na kuwakusanya vijijini. Mkorosho hauhamishiki. Familia iliyohamishwa kilomita nyingi kutoka kwenye mikorosho yake haikuweza tena kupalilia kila mwaka, na korosho zinaokotwa chini: shamba likishika majani na vichaka, huwezi kuokota, na moto ukipita wakati wa kiangazi unamaliza miti. Kisha ukaja ugonjwa wa ubwiri unga, unaoshambulia maua na machipukizi kabla tunda halijafunga. Vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, mkulima akabaki kuuza kwa mamlaka ya zao, na sehemu ya bei ya dunia iliyomfikia ikazidi kupungua huku malipo yakichelewa. Viwanda vya kubangua vilivyojengwa kwa mikopo vikakosa korosho za kubangua.

Basi kijana wa Newala au Ruangwa aliyepanda lori kwenda Dar es Salaam alikuwa amekimbia nini? Jembe halikuwa tatizo lake. Baba yake alikuwa na jembe na miti, na dola ilikuwa imeshamhamisha mara moja kutoka kwenye miti hiyo. Safari yenyewe haikuwa ya mvivu. Barabara ya kusini ilikuwa mchanga na tope, masika magari yalikwama siku nyingi, na Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko cha Ndundu. Daraja la kudumu, Daraja la Mkapa, lilifunguliwa 2003. Mtu aliyefika Dar kwa njia hiyo, akalala ukumbini kwa ndugu, na alfajiri akaenda feri kununua samaki wa kuzungusha mitaani, aliambiwa na mgambo kwamba hataki kufanya kazi. Mimi naona hiyo ilikuwa dhuluma, hata kama aliyeitenda alikuwa anatimiza wajibu wake.

Tuingie sasa ndani ya nyumba, kwa sababu humo ndimo operesheni ilimoshindwa. Nachora nyumba ya mfano, lakini kila mtu aliyeishi Uswahilini miaka ile ataitambua: nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati, jiko na choo uwani. Mwenye nyumba ni kuli mstaafu wa bandari, anaishi chumba cha mbele na kupangisha vilivyobaki. Chumba kimoja anakaa karani wa shirika la umma na mkewe na watoto. Mke anaamka saa tisa usiku kukaanga maandazi na vitumbua. Mdogo wa karani, aliyetoka kijijini, analala ukumbini. Mchana anatembeza maandazi hayo na sigara za kuuza mojamoja. Chumba cha pili yupo mama asiye na mume, anauza pombe ya kienyeji. Chumba cha tatu fundi cherehani. Balozi wa nyumba kumi anakaa mlango wa tatu kutoka hapo, naye ana genge la nyanya.

Kwa macho ya sheria, nyumba hii ina mfanyakazi mmoja. Kwa macho ya sufuria, mambo yamegeuka. Kati ya 1974 na 1988 thamani halisi ya mishahara Tanzania ilishuka kwa zaidi ya asilimia 80. Mshahara wa karani haukuwa unafika katikati ya mwezi. Alibaki kazini kwa sababu kazi ilimpa kitambulisho, matibabu, wakati mwingine usafiri, na njia ya kupata sukari na unga kupitia duka la kazini. Chakula cha kila siku kilitoka kwenye karai la mkewe na miguu ya mdogo wake. Miradi midogomidogo, ndivyo watu walivyoiita, na hapakuwa na ngazi ya mshahara iliyosalimika na hitaji lake: wauguzi walishona, walimu walifuga kuku, maofisa walilima mchicha na kufuga ng'ombe nyuma ya nyumba za serikali.

Operesheni ikaja ikaigawa nyumba hiyo. Karani salama. Mke salama, kwa sababu ni mke wa mtu. Mdogo mtu, ambaye bila yeye maandazi hayauziki, ndiye mzururaji. Ukimtoa, umeitoa nusu ya kipato cha mfanyakazi uliyemwacha. Ndiyo maana nasema ramani ya matabaka ilikuwa na kasoro: ilidhani tabaka la wafanyakazi na tabaka la wazururaji wanakaa mitaa tofauti na wana masilahi tofauti. Walikuwa wanakula sinia moja.

Na balozi wa nyumba kumi ndiye aliyetakiwa kutoa majina. Kuandikisha wakazi bila mtu wa mtaa haiwezekani, na mtu wa mtaa hawezi kumtaja mtoto wa jirani asubuhi kisha jioni akamkopesha chumvi. Sheria iliyohitaji ushahidi wa majirani ilikuwa imewekwa mikononi mwa watu waliokuwa na kila sababu ya kunyamaza.

Mama wa chumba cha pili alikuwa katika hatari ya namna yake. Katika misako ya mjini, toka ukoloni, mwanamke asiye na mume na asiye na ajira alidhaniwa malaya mpaka athibitishe vinginevyo. Mwanamume aliulizwa kitambulisho cha kazi. Mwanamke aliulizwa ni mke wa nani. Wengi wao walikuwa wamehamia mjini kwa sababu ambazo hakuna ofisa aliyeziandika: talaka, ujane, kunyimwa shamba na ukoo wa marehemu mume. Kumwambia mwanamke huyo arudi kwao akalime ni kumrudisha kwenye ardhi aliyokwisha kunyang'anywa. Katika historia nzima ya Nguvu Kazi, hapa ndipo panaponiuma zaidi, na ndipo palipoandikwa kidogo zaidi.

Waliokamatwa walipelekwa wapi? Wengine walirudishwa mikoani kwao, wengine vijiji vya pembezoni mwa jiji. Wazo hilo lilikwisha kujaribiwa: Gezaulole, upande wa Kigamboni, kilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kama kijiji cha ujamaa cha kuwapokea wasio na kazi wa Dar es Salaam. Mashamba makubwa nayo, ya mkonge yakiwamo, yalihesabiwa kuwa mahali pa kupeleka nguvu kazi hiyo. Mkonge ulikuwa na historia yake. Mwaka 1964 nchi ilizalisha tani zipatazo 230,000, kwa jasho la manamba waliosombwa kutoka Kigoma, Njombe, Songea na ng'ambo ya Ruvuma, na tangu 1944 ofisi ya SILABU ilikuwa ndiyo ya kuwaandikisha na kuwasafirisha. Kufikia miaka ya 1980 bei ilikuwa imeanguka, mashamba mengi yalikuwa ya umma na yamechoka, na uzalishaji ulibaki sehemu ndogo tu ya ule wa zamani. Vibarua hawakupatikana kwa sababu ujira haukulisha mtu. Badala ya kupandisha ujira, dola ilitafuta watu wasio na hiari. Wazee waliowahi kuwa manamba hawakuhitaji kufafanuliwa hilo.

Wakarudi. Hili ndilo jambo ambalo kila aliyeandika kuhusu kisa hiki amelikuta. Baadhi walirudi ndani ya wiki chache, wengine waliposhushwa tu walianza kutafuta gari la kugeuzia. Vijijini hawakuandaliwa shamba, mbegu wala chakula cha kungojea mavuno, na viongozi wa vijiji hawakuwa na hamu ya kupokea vinywa vipya msimu wa njaa. Mjini waliwaacha wateja, madeni, watoto na vyumba. Kufikia 1984 operesheni ilikuwa imepoa. Sokoine alifariki kwa ajali ya gari Dakawa, Morogoro, tarehe 12 Aprili mwaka huo, na wapo wanaoamini kwamba angeishi ingeendelea kwa ukali. Namheshimu Sokoine kama wanavyomheshimu Watanzania wengi, kwa uadilifu wake na kwa kutojilimbikizia. Hata hivyo siamini kwamba ukali zaidi ungefanikiwa. Kilichoishinda operesheni kilikuwa hesabu ya chakula ndani ya nyumba za wafanyakazi wa serikali yenyewe, na hesabu hiyo haikubadilishwa na kiongozi yeyote.

Niseme pia upande wa pili, kwa haki. Waliobuni Nguvu Kazi hawakuwa wanazua wasiwasi. Mji ulikuwa unapendelewa kweli. Serikali ilitoa ruzuku ya sembe, na waliokula sembe ya ruzuku zaidi walikuwa watu wa mjini, wakati mkulima aliuza mahindi kwa bei ya kupangiwa. Ruzuku hiyo iliondolewa 1984. Ukijiuliza kijana atabaki kijijini kwa nini ilhali bei zote zimepangwa dhidi yake, utaelewa kwamba kulikuwa na ugonjwa wa kutibiwa. Lakini ugonjwa huo ulikaa kwenye bei, kwenye malipo ya mazao na kwenye barabara kama ile ya Ndundu. Kumkamata kijana Kariakoo hakukuongeza hata senti moja kwenye kilo ya korosho Masasi.

Na upendeleo wa mjini wenyewe ulikuwa na tabaka lake. Kuanzia 1974, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, serikali ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni ili watu wa kipato cha chini wajenge nyumba taratibu kwa uwezo wao, na Manzese ikawekewa barabara na maji bila kubomolewa. Mpango mzuri, na kuiacha Manzese isimame ulikuwa uamuzi wa busara ambao miji mingi ya Afrika haikuufanya. Lakini kiwanja kilihitaji fomu, fomu ilihitaji anayefahamiana na ofisi, na kujenga kulihitaji fedha kwa muda uliowekwa. Viwanja vingi vikaishia kwa wenye vyeo na mishahara. Pita Mikocheni leo utafute maskini aliyekusudiwa.

Mfano unaonipa picha kamili zaidi ni wa mwaka huohuo 1983. Shirika la mabasi la jiji, UDA, lilikuwa limezidiwa, magari mabovu, abiria wananing'inia milangoni. Watu binafsi walikuwa wanabeba abiria kwa magari yao kinyume cha sheria. Serikali ilifanya nini? Iliwaruhusu, na daladala zikazaliwa rasmi, nauli shilingi tano. Uamuzi sahihi. Lakini tazama nani alikuwa na gari la kubebea abiria mwaka 1983: mtu mwenye mtaji, mara nyingi mwenye cheo au jamaa wa mwenye cheo. Shughuli yake isiyo rasmi ilionekana ni huduma, ikapewa kibali. Mbeba birika la kahawa, aliyewahudumia abiria walewale kwenye kituo kilekile, shughuli yake ilionekana ni uzururaji.

Baadaye serikali ilianza kuwapa wachuuzi leseni ndogo, zikaitwa leseni za Nguvu Kazi. Chini ya sheria iliyotungwa kuwaondoa, watu walewale wakapewa karatasi ya kuwaruhusu kubaki. Leseni hizo zilifutwa 2003. Kati ya hapo, mwaka 1984 serikali ililegeza uingizaji wa bidhaa, mitumba ikarudi, na mtaji wa kuanzia ukawa bunda la mashati. Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar likawafungulia wanachama na viongozi wa CCM milango iliyokuwa imefungwa na masharti ya Azimio la Arusha: mishahara miwili, hisa, nyumba za kupangisha. Miradi ya wakubwa ikapata azimio la chama. Miradi ya wadogo ikabaki kwa huruma ya mkuu wa mkoa wa zamu.

Misako ya baadaye iliufuata mkondo huo. Machi 2006 wachuuzi wa Dar es Salaam walivunjiwa vibanda. Likajengwa jengo la Machinga Complex pale Karume, lililokamilika 2010, na kwa miaka mingi vizimba vyake vya juu vikakosa watu, kwa kuwa mteja wa soksi hapandi ghorofa kutafuta soksi. Desemba 2018 vilianza kutolewa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, na kwa muda mchuuzi akawa na cha kumwonyesha mgambo. Oktoba 2021 wakaondolewa tena barabarani na kupangiwa masoko, mengi ya pembeni. Safari hii hakuna aliyewaambia warudi Lindi wakalime. Hayo ni maendeleo, nayahesabu hivyo bila kusita. Sababu iliyotolewa ilikuwa njia za waenda kwa miguu kuzibwa, nayo ilikuwa ya kweli. Pale Kariakoo ilikuwa shida hata kupita. Ila magari ya watu binafsi yanayoegeshwa juu ya njia hizohizo, kuanzia asubuhi hadi jioni, hayakupangiwa soko la pembeni.